Straiki Moja, Boli Mbili

Yamagata, 11 Aprili 2010

Kaka Shunji,

Kama umeipokea hii ukiwa bandani kwa kuku, toka kwanza, nawa mikono, ukae. Ukiisoma umesimama utaisoma haraka, na hii haitaki haraka.

Sisi tupo. Theluji imeondoka mashambani, imebaki ile ya kivulini nyuma ya ghala. Mitsuko, mkaza mwana wa Kaka Mkubwa, amepogoa miti ya cheri peke yake mwaka huu, na sijamsikia akilalamika. Magoti yangu ni yaleyale: kushuka naweza, kupanda ndiyo kesi. Tangu nilipofiwa na mume wangu nikarudi nyumba hii tuliyozaliwa, nimejua kwamba baba alijenga ngazi kwa ajili ya vijana tu.

Kaka Mkubwa haendelei vizuri. Ni mapafu. Wamemwekea mtungi wa hewa kando ya kitanda na mrija puani, na macho nayo yameanza kufifia. Sura ya mtu anaiona, maandishi hapana. Kwa hiyo kila asubuhi namsomea gazeti, michezo kwanza, vifo baadaye. Anasema kwa umri wake kurasa hizo mbili tu ndizo zenye watu anaowajua.

Majuzi nilimsomea habari fupi, kwamba kuanzia msimu huu besiboli ya kulipwa imegeuza hesabu. Zamani walitaja straiki kwanza, boli baadaye. Sasa boli zinatangulia, kama wanavyofanya Wamarekani. Mimi niliisoma kama ninavyosoma bei ya mchele, nikageuza ukurasa. Akanishika mkono, akataka nirudie. Nikarudia. Akaacha chai yake ipoe, ndipo akasema, "Mwandikie Shunji. Mwulize kama siku ile alijua."

Nikamwuliza siku gani. Akasema wewe utaijua.

Na mimi naijua, Kaka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikigawa supu ya magimbi kando ya uwanja. Siku naijua. Jambo ndilo silijui.

Nilitaka Mitsuko akupigie simu tumalize. Kaka Mkubwa hakukubali. Anasema kwenye simu mtu anaweza kuguna akapita, lakini kwenye karatasi ukinyamaza panabaki peupe, na peupe panaonekana. Daktari hakututajia mwezi. Alimwambia Mitsuko tu kwamba kama tuna la kumwambia mzee, tusiliweke.

Mdogo wako,
Kinue

*

Bastos, 9 Mei 2010

Kinue, mdogo wangu,

Barua yako ilichukua siku kumi na tisa kufika, na mimi nimechukua siku nane kuijibu. Nisamehe hizo nane. Niliisoma nimekaa, kama ulivyoagiza.

Huku ng'ambo ya bahari mvua zimekatika na udongo mwekundu umeanza kuingia ndani ya kila kitu, hata ndani ya wali. Kuku sina tena. Banda nimemwachia kijana aliyeoa binti yangu, naye anaokota mayai kwa mashine, mimi ninakwenda kumtazama ili aone aibu. Tumemfanyia marehemu mke wangu Tomiko kisomo cha mwaka wa tatu. Mjukuu wangu Marisa anarusha mpira katika timu ya wasichana ya chama chetu cha Wajapani, na Jumapili nakaa nyuma ya wavu pamoja na wazee wenzangu wanne. Tunakula maharage na figili za chumvi na tunamkosoa mwamuzi kwa lugha ambayo haelewi.

Umesema ulisoma habari ile kama bei ya mchele. Ngoja basi nikueleze, maana bila hesabu mchezo huu ni watu waliosimama uwanjani tu.

Mrushaji anarusha. Mpigaji amesimama na gongo. Baina yao lipo dirisha lisiloonekana. Upana wake ni upana wa bamba lililolazwa chini, na kimo chake ni kutoka magotini mwa mpigaji hadi kifuani. Mpira ukipita dirishani naye akauacha, ni straiki. Akizungusha gongo akaukosa, ni straiki vilevile, hata kama ulipita mawinguni. Ukipita nje ya dirisha naye akauacha, hiyo ndiyo boli. Straiki tatu, ametoka. Boli nne, anakwenda kituo cha kwanza kwa miguu yake, hana haja ya kupiga, na hakuna wa kumzuia.

Ni hayo tu. Lakini angalia yanavyofanya kazi. Mpigaji mwenye boli mbili na straiki moja ana nafasi. Anaweza kuchagua, akaacha mpira mzuri akingoja mzuri zaidi. Mwenye straiki mbili na boli moja hana cha kuchagua, kila kinachokaribia dirisha lazima akipige. Mpira uleule, mwendo uleule, kimo kilekile, wa kwanza anauacha na ni busara, wa pili akiuacha ni mjinga. Ndiyo maana mpigaji kabla hajauliza mpira unakuja wapi hujiuliza yeye amesimama wapi.

Sisi tulitaja straiki kwanza. Hata wakati wa vita, maneno ya kigeni yalipopigwa marufuku na waamuzi wakaanza kuita "Nzuri!" badala ya straiki na "Haifai!" badala ya boli, zile nzuri zilitangulia. Nimewaza sana kwa nini, huku mbali, na naona sisi tulianza kumhesabia mtu yale yanayomhukumu, na Wamarekani walianza na yale yanayomwokoa. Pengine si kweli. Pengine ni mtu mmoja tu alichora ubao hivyo zamani na wengine wakafuata.

Siku ile ya Oktoba 1949 mwamuzi wetu alikuwa sajini wa Kimarekani kutoka kambi ya Jinmachi. Mwaka uliotangulia vijiji viwili vilikuwa vimepigana kwa sababu ya mwamuzi, ikaonekana bora apatikane mtu asiye na shangazi upande wowote. Yeye alihesabu kwa desturi yake, ubao ulihesabu kwa desturi yetu. Kulitokea kutoelewana. Mwambie Kaka Mkubwa kwamba dunia ilikuwa na namna mbili za kuhesabu na siku ile zilikutana.

Mwambie avae soksi. Mapafu huanzia miguuni.

Shunji

*

Yamagata, 6 Juni 2010

Kaka Shunji,

Soksi amevaa.

Tuko katikati ya mavuno ya cheri na mikono yangu ni myekundu mpaka viwikoni. Mitsuko anaamka kabla ya jua, mimi napanga matunda kwenye maboksi nikiwa nimekaa, na Kaka Mkubwa amesogezewa kitanda dirishani ili asikie ngazi zikihamishwa. Anajua kwa sauti ni mti gani unaochumwa. Wiki iliyopita walimpeleka hospitali siku tatu, akarudi amepungua kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Barua yako nilimsomea yote. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nimemwuliza jambo moja, Bwana Kuku ameniletea darasa." Kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi nimwite Mitsuko.

Darasa hilo mimi nilihitaji, usiniombe radhi. Nilichukua trei ya maharage. Meusi yakawa straiki, meupe yakawa boli, nikawa nayapanga wakati tunasikiliza redio, na kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na minne nikajua kwa nini wanaume wa nyumba hii hunyamaza ghafla wakati hakuna kinachotokea. Kaka Mkubwa akanisaidia. Ndipo akanieleza siku ile mwenyewe, polepole, na mimi nikipanga maharage.

Alisema ilikuwa zamu ya mwisho, kijiji chetu kilikuwa nyuma kwa moja, mtu wetu yuko kituo cha tatu, wawili wameshatoka. Mpira wa kwanza straiki, hilo halina ubishi, nikaweka jeusi moja. Wa pili boli, nikaweka jeupe moja. Wa tatu ulipita chini, penye ukingo wa goti. Sajini alikuwa anatafuna kitu, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia, na mkono hakuuinua. Straiki au boli? Kaka Mkubwa akarudi nyuma hatua moja kuuliza. Sajini akainua vidole, kimoja na viwili, akasema, "Wan, tu."

Nikakaa na harage mkononi, Kaka. Sikujua nichukue jeusi au jeupe.

Kwa hesabu yetu ni straiki moja, boli mbili. Kwa hesabu yake ni boli moja, straiki mbili. Kaka Mkubwa akageuka kutazama ubao, na kwenye ubao ulikuwepo wewe. Ukatundika kibao. Boli mbili. Akaona ana nafasi, akaingia, akauacha mpira uliofuata.

Hilo lililofuata nalikumbuka mwenyewe. Sajini aliinua mkono juu kabisa, straiki ya tatu, akaondoka. Wachezaji wa kule wakaanza kuvua glavu. Na kaka yetu akabaki amesimama na gongo begani, akingoja mpira mwingine. Watu wakacheka. Yule bwana wa kiwanda cha nyuzi aliyekuja kumtazama kwa ajili ya timu ya kiwanda, aliyekula mabakuli mawili ya supu yangu, akaweka kalamu mfukoni akauliza basi linapita saa ngapi.

Umeandika "kulitokea kutoelewana". Kulitokea kwa nani? Wewe ulikuwa na mwaka wa pili unafua nguo za wanajeshi kambini. Neno la Kiingereza kijijini kwetu lilikuwa lako peke yako.

Sikuandikii kukushtaki. Kaka Mkubwa hasemi ulifanya. Anauliza kama ulijua, na anauliza kila asubuhi postamani akipita. Kama hukujua, andika neno hilo moja, nimsomee, alale. Kama ulijua, andika vilevile. Hili la katikati ndilo linalommaliza.

Kinue

*

Bastos, 25 Julai 2010

Kinue,

Unapoiona tarehe utajua nilichelewa. Hii ni barua ya tatu. Mbili nilizichoma kwenye jiko, na Marisa aliponiuliza ninachoma nini nikamwambia risiti.

Wiki iliyopita jalidi ilianguka, jambo ambalo hapa huja mara chache, na mboga zote za jirani zikawa nyeusi kwa usiku mmoja. Mimi ni mzima. Nakusomesha habari za mboga kwa sababu ninaogopa aya inayofuata.

Nilijua.

Sasa nitakueleza vile ilivyokuwa, siyo ili kulipunguza neno hilo, bali kwa sababu aliyeuliza alikuwa mpigaji na mpigaji anataka kujua kila mpira ulipopita.

Kamba za kuanikia shuka pale kambini zilikuwa nyuma ya uwanja wao. Majira mawili ya joto nilianika shuka huku nikisikia "wan-tu", "tri-wan", "tri-tu". Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba kwao namba ya kwanza ni boli. Siku ile nilikuwa nimesimama kwenye kiboksi cha sabuni mbele ya ubao, vibao vya namba viko miguuni. Nilikuwa nimetundika namba kutoka zamu ya kwanza, na mpaka wakati huo haikuwa na taabu, kwa sababu sajini ama aliinua mkono ama hakuuinua, na sote tuliona. Ulikuwa mpira ule mmoja tu uliohitaji maneno. Akasema "wan, tu". Mkono wangu ukafanya kama ulivyozoea tangu utoto: moja juu kwenye straiki, mbili chini kwenye boli. Straiki moja ilikuwa imeshatundikwa, basi nikabadilisha boli tu. Kibao kikagonga ubao.

Kabla sijakiachia nilijua kimekaa pasipo pake.

Mkono ulikosea. Hilo ni kweli, na kwa miaka mingi nimelishikilia kama mtu anayeshikilia cheti. Lakini baada ya mkono kukosea mrushaji aliinama akafunga kamba ya kiatu. Akachukua vumbi, akajipangusa. Mdakaji akaenda kumnong'oneza jambo, akarudi. Kaka Mkubwa alitazama ubao, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kama mtu anayesema asante. Nilikuwa na muda wa kuvua vibao vyote nikavitundika upya mara tatu. Nilikuwa na sauti pia. Sikuinua mkono na sikutoa sauti. Kunyamaza kule hakukuwa kosa la mkono. Kulikuwa kwangu.

Unataka kujua sababu. Ilikuwa siku ya tatu tangu baba alipoweka vijiti vyake juu ya bakuli akasema, "Yasukichi akichukuliwa na kiwanda, Shunji atashika majaruba ya mpunga. Tutamtafutia mke kabla ya kupanda." Alisema kama anavyosema kesho kutanyesha. Wewe ulikuwa unaosha vyombo, huenda hukusikia. Mwana wa pili kwetu ni mbegu ya akiba, haipandwi mpaka ya kwanza ikishindwa, lakini haipewi mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Sikujua kwenda wapi, nilijua kuondoka tu. Niliposimama kwenye kile kiboksi niliyaona majaruba yote kumi na moja kupita kichwa cha sajini, na nikaona kwamba yatakuwa ya yeyote atakayebaki kijijini baada ya siku ile.

Jioni, watu walipokwisha, Kaka Mkubwa alikuja kwenye ubao. Nilidhani atanipiga. Alivua vibao kimoja kimoja, akavipanga kwa mfuatano wa namba, akavifunga kwa kamba, akanikabidhi. Kesho yake alikwenda kukata mpunga. Miaka sita baadaye mimi nilipanda meli Kobe.

Nimekaa huku miaka hamsini na mitano. Nimekuwa na mke niliyempenda, watoto, kuku elfu nne. Siwezi kukuambia kwamba ninajutia maisha haya, ningekuwa nasema uongo wa pili. Ninachoweza kusema ni kwamba yalianzia kwenye kibao kile, na sijawahi kumwambia mtu, hata Tomiko.

Msomee. Usipunguze kitu.

Shunji

*

Yamagata, 17 Agosti 2010

Kaka Shunji,

Joto la mwaka huu halijapata kuonekana. Mitsuko anamwagilia ua mara mbili kwa siku, na hata vyura wamenyamaza. Wahenga wetu waliokufa walikuja kwa siku zao tatu za kila mwaka, tukawawekea matango na biringani, jana tumewasindikiza kwa moto. Kaburi la baba na mama amelisafisha Mitsuko, mimi nikishika mwavuli.

Barua yako ilifika tarehe kumi, kabla tu ya siku hizo.

Ulisema nisipunguze. Nilipunguza, Kaka. Niliisoma kwanza peke yangu jikoni, nikaona siwezi kumpelekea mtu anayepumua kwa mrija. Karatasi zilikuwa tatu. Nikakaa kando yake, nikasoma ya kwanza mpaka ile jalidi, nikaruka neno lile, nikaruka karatasi ya pili yote, nikaingia ya tatu penye meli ya Kobe na kuku elfu nne. Sauti yangu haikutetemeka. Nilijisifu.

Akasema, "Umegeuza karatasi mara mbili, umesoma kama mtu aliyegeuza mara moja. Macho ndiyo yamekufa, Kinue. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote. Nilipofika pale alipokutazama akatikisa kichwa, akanizuia kwa mkono, kisha akaniashiria niendelee.

Nilipomaliza aliomba dirisha lifunguliwe, na joto lote lile likaingia. Siku tatu za wahenga hakusema neno, alikuwa akila anachopewa na kugeukia ukuta. Mitsuko aliniuliza nimemfanya nini mzee.

Kuhusu baba na maneno yake mezani: niliyasikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, si kiziwi. Na nilipokuona unapanda kwenye kile kiboksi nilijua unachokitaka, kwa sababu mimi pia nilitaka kaka mmoja abaki, na niliomba abaki Kaka Mkubwa, aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenye theluji. Sijawahi kumwambia hilo. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali.

Sijui nikutumie nini kutoka kwake. Hana alichonipa. Kwa hiyo natuma hii na peupe pake.

Kinue

*

Yamagata, 3 Septemba 2010

Shunji,

Anayeandika ni Kinue. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapake sukari, na akimaliza atanisomea mara mbili.

Nimekusikia.

Miaka sitini na moja nilitaka mtu aseme neno lile. Nilidhani likija nitakasirika, nikajiwekea hasira kwa ajili yake. Lilipokuja nilitafuta hasira yangu nikakuta imezeeka kuliko mimi. Usifurahi. Sikusema haipo.

Hukuomba msamaha, umefanya vizuri. Sina wa kukupa ulio tayari.

Sasa nikuambie kuhusu mpira ule wa mwisho, kwa sababu wewe uliuona kutoka kwenye ubao na mimi niliuona kutoka pale unapoonekana. Ulikuwa wa kupinda. Ulianza nje, ukaingia, ukapita juu ya goti langu, katikati ya dirisha. Niliuona vizuri mno, hata mishono yake. Nikasema moyoni, huu ni mzuri, lakini nina nafasi, nangoja wa juu. Ningejua nina straiki mbili ningezungusha gongo. Kila mtu wa kijiji chetu aliniambia ningeupiga. Baba alikufa akisema ningeupiga.

Mimi sijui. Mpira wa kupinda ulikuwa unanishinda. Mwaka ule nilipiga miwili tu, na mmoja ulikuwa bahati. Labda ningeukosa mbele ya yule bwana wa kiwanda, nikarudi nyumbani nimeshindwa mwenyewe. Hukuninyima kiwanda, Shunji. Ulininyima kujua. Hilo huwezi kulirudisha, hata ungeandika karatasi mia.

Na mimi nina langu. Nilikusindikiza stesheni mwaka 1955, tukakaa kwenye benchi tukingoja treni iliyochelewa karibu saa nzima. Nilikuwa na muda wa kukuuliza. Nikakuuliza kama umefunga mizigo vizuri. Tangu hapo, kila mwaka mvua ya mawe ilipopiga cheri, kila mwaka mpunga ulipolala, nilikuwa na mtu wa kumlaumu aliye ng'ambo ya bahari, asiyeweza kujibu. Ilinisaidia kubeba. Ningekuuliza ukaniambia hukujua, ningebaki na mpira ule peke yangu. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulinifaa. Sasa wajua kwamba hukuwa peke yako.

Kinue analia. Nimemwambia asilowanishe karatasi.

Kaburi la baba na mama nimelikatia nyasi miaka yote hiyo, na tangu nilipolazwa kitandani amelikatia Mitsuko, ambaye si damu yao. Kabla ya theluji litahitaji kukatiwa nyasi tena. Utalikatia wewe. Una miaka themanini, utapiga magoti polepole, hakuna anayekukimbiza. Mundu upo, mpini wake nimeutengeneza mwenyewe.

Njoo Oktoba. Sijui kama nitafika Novemba, na daktari naye hajui ila anajifanya anajua.

Fainali zinachezwa mwisho wa mwezi huo. Televisheni imewekwa miguuni pangu, naona watu wanakimbia, namba sizioni. Nimejaribu na Kinue. Anajua maharage yake, lakini akitazama watu wanakimbia anasahau kuhesabu. Utakaa kwenye kiti cha upande wa dirisha. Kila mpira ukirushwa utaniambia hesabu. Boli kwanza, straiki baadaye, hivyo ndivyo wanavyotaka siku hizi, na mimi nitazoea.

Ukikosea, sema hapohapo.

Yasukichi